Sura ya Tano: Mlango wa Mwaka wa Tatu

Chuo Kikuu cha Chicago kilipoanza kufundisha mwaka 1892, rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alimleta Albion Small aje kuanzisha idara ambayo hakuna chuo kikuu kingine cha Marekani kilichokuwa nayo: idara inayojitegemea ya sosholojia. Miaka mitatu baadaye Small akaanzisha jarida la taaluma hiyo changa, American Journal of Sociology, na jarida hilo linachapishwa mpaka leo. Harper hakuishia hapo. Mwaka 1901, yeye na J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari katika mji wa Joliet, nje kidogo ya Chicago, walikubaliana jambo ambalo wakati huo lilionekana dogo. Vijana wa mji ule waliomaliza sekondari wangefundishwa masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu hapo hapo shuleni kwao, kisha chuo kikuu kiyahesabu. Walianza wanafunzi sita. Ndiyo Joliet Junior College, kinachotajwa kuwa chuo cha jamii cha umma kikongwe kuliko vyote Marekani.

Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa na mkono katika kuzaliwa kwa sosholojia ya vyuo vikuu vya Marekani na katika kuzaliwa kwa chuo cha jamii. Kijana wa leo anayeanzia chuo cha jamii akitaka kumalizia na shahada ya sosholojia anatembea kati ya majengo mawili aliyoyasimamisha Harper.

Asifikiriwe kuwa alifanya hivyo kwa ukarimu mtupu. Harper aliwahusudu maprofesa wa Ujerumani, waliofanya utafiti bila kusumbuliwa na vijana waliotoka sekondari juzi. Miaka miwili ya mwanzo aliiona kama mzigo wa shule uliopachikwa chuo kikuu kimakosa. Kuusukuma mzigo huo Joliet kulimfaa yeye kama kulivyowafaa wazazi wa Joliet, ambao sasa watoto wao wangesoma wakiwa wanalala nyumbani. Mgawanyo huo wa maslahi haujawahi kuondoka. Kila mara chuo kikuu kinapofungua mlango kwa wanaotoka vyuo vya jamii, huwa kuna hesabu nyuma yake.

California ndiyo iliyolichukua wazo hilo na kulipeleka mbali kuliko jimbo lingine lolote. Sheria ya mwaka 1907 iliziruhusu shule za sekondari kufundisha masomo ya baada ya sekondari, na mwaka 1910 mji wa Fresno, katikati ya mashamba ya zabibu, ukafungua chuo cha kwanza cha aina hiyo jimboni. Leo California ina vyuo vya jamii 116 vyenye wanafunzi wapatao milioni mbili. Hakuna mfumo mwingine wa elimu ya juu Marekani unaoufikia kwa ukubwa.

Mwaka wa kuukumbuka katika habari hii ni 1960. Aprili mwaka huo gavana Pat Brown alitia saini sheria iliyotokana na Mpango Mkuu wa elimu ya juu, kazi iliyosukumwa zaidi na Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California. Mpango uligawa kazi kwa ngazi tatu. Chuo Kikuu cha California, kinachojulikana kwa herufi UC, kingechukua moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari. Mfumo wa vyuo vya jimbo, ambao leo unaitwa CSU, ungechukua theluthi ya juu. Waliobaki wote wangekaribishwa vyuo vya jamii, na wakifanya vizuri wangeingia ngazi hizo mbili wakiwa mwaka wa tatu. Bila ahadi hiyo ya mwisho mpango mzima ungekuwa ubaguzi uliopangwa kwa rula. Ahadi ndiyo iliyoufanya ukubalike.

Mwezi uliofuata, kwenye jarida lile lile la Albion Small, ilitoka makala ya mwanasosholojia Burton Clark. Clark alikuwa amechunguza chuo cha jamii cha San José, na alichokiona kilikuwa kichungu. Wanafunzi wengi walijiandikisha wakisema wanataka kuhamia chuo kikuu. Wengi wao hawakuhama. Kilichomshangaza Clark ni kwamba hawakufukuzwa wala hawakulalamika. Walipewa majaribio, wakapelekwa kwa mshauri wa masomo, wakaingizwa kwenye darasa la kujitambua, alama zao mbaya zikawekwa kwenye faili, na polepole wakaelekezwa kozi fupi za ufundi au ofisi mpaka wenyewe wakaona kuwa ndoto yao ya awali haikuwa yao. Clark aliuita mchakato huo upoozaji. Wazo hilo alilitoa kwa Erving Goffman, ambaye mwaka 1952 alikuwa ameandika juu ya matapeli wa mjini: baada ya kumwibia mtu, mmoja wao hubaki nyuma kumtuliza, ili aikubali hasara yake bila kwenda polisi.

Ni makala ambayo mwanafunzi wa sosholojia anayetoka chuo cha jamii anaweza kukutana nayo siku moja darasani, akajiona yumo ndani yake.

Lakini mji huo huo wa San José una habari nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifika pale kijana mrefu mno, mrusha kisahani na mchezaji wa mpira wa kikapu, aliyekulia katika umaskini wa East St. Louis, Illinois. Jina lake Harry Edwards. Alikuwa amepitia chuo cha jamii cha Fresno, kile kile cha mwaka 1910, kisha akapata ufadhili wa michezo kuingia San José State. Alimaliza shahada ya sosholojia mwaka 1964, akaenda Cornell hadi udaktari, na katikati ya safari hiyo akarudi San José kufundisha. Ni yeye aliyeanzisha mwaka 1967 vuguvugu la wanariadha weusi la kudai haki za binadamu kupitia Olimpiki. Tommie Smith na John Carlos, waliosimama jukwaani Mexico City mwaka 1968 wakiwa wameinua ngumi zenye glavu nyeusi, walikuwa wanariadha wa San José State. Edwards alifundisha sosholojia Berkeley kwa takriban miaka 30, na kitabu chake cha mwaka 1973 ni miongoni mwa misingi ya sosholojia ya michezo.

Clark na Edwards wote wawili wako sahihi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mlango upo. Wanaoupita ni wachache.

Takwimu za miaka ya karibuni zinasema hivi. Kati ya Wamarekani wanaoanza chuo cha jamii, karibu asilimia 80 husema wanataka shahada ya kwanza. Ndani ya miaka sita, kama theluthi moja huwa wamehamia chuo kikuu, na wanaokuwa wameipata shahada yenyewe ni karibu asilimia 16. Mtu anaweza kuwalaumu wanafunzi: wanafanya kazi mchana, wana watoto, wameanza wakiwa na msingi dhaifu. Yote ni kweli kwa wengi wao. Ila mwaka 2017 GAO, ofisi ya serikali kuu inayolifanyia Bunge la Marekani ukaguzi, ilitoa hesabu inayoonyesha upande wa pili. Waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009, wa kila aina, walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti walizokuwa nazo. Masomo walikuwa wameyafaulu, ada wamelipa, na chuo kipya kikakataa kuyahesabu.

Sababu ya kukataa haiko kwenye akili ya mwanafunzi. Katika vyuo vikuu vya Marekani, walimu wa idara ndio wenye haki ya kuamua somo gani la nje linalingana na lao, na wanailinda haki hiyo kwa wivu. Utangulizi wa takwimu uliofundishwa chuo kimoja unaweza kukubaliwa na idara ya saikolojia ya chuo kikuu jirani na kukataliwa na idara ya sosholojia ya chuo kikuu hicho hicho. Mtu aliyezoea kuona mtihani mmoja wa taifa ukiamua mambo ya vijana wote atashangaa. Kule kila mlango una bawabu wake, na bawabu ana daftari lake.

Hapo ndipo sosholojia inapokuwa na mtego wake wa pekee.

Mwanafunzi wa uhandisi anajua toka wiki ya kwanza kuwa safari ni ndefu: kalkulasi tatu, fizikia, kemia, kila moja ikisubiri nyingine. Asipopanga, anakwama mapema na kila mtu anaona. Sosholojia haimtishi mtu. Masomo ya awali yanayodaiwa ni machache, hayana maabara, na darasa la utangulizi lipo karibu kila chuo, asubuhi, jioni na mtandaoni. Matokeo yake mwanafunzi anaokota anachokipenda: muhula huu familia na ndoa, muhula ujao uhalifu, kisha filamu, kisha upigaji picha kwa sababu rafiki yake yumo. Anafikisha krediti 60 akiwa na wastani mzuri wa alama, GPA, na hana somo la takwimu. Au analo, lakini si lile linalotakiwa kule anakotaka kwenda. Ulaini wa njia unawaangusha wengi kuliko milima ya uhandisi.

Takwimu ndilo jiwe kubwa zaidi njiani, na kwa miaka mingi lilikuwa kaburi. Mwanafunzi mpya alipewa jaribio la hesabu, na akishindwa alirudishwa kwenye madarasa ya marudio, wakati mwingine ngazi mbili au tatu chini ya somo lenye krediti ya kuhamia. Muhula baada ya muhula alilipa ada kwa masomo yasiyompeleka popote, na wengi waliondoka kimyakimya kabla ya kulifikia somo la takwimu. Ule ulikuwa upoozaji wa Clark hasa, ukiendeshwa kwa karatasi ya majibu badala ya mshauri. Sheria ya California ya mwaka 2017, AB 705, iliukata mzizi huo: vyuo vitumie alama za sekondari badala ya jaribio, na vimpe mwanafunzi nafasi ya kumaliza hesabu na Kiingereza cha ngazi ya kuhamia ndani ya mwaka mmoja. Maprofesa wengi wa hesabu waliipinga. Wanafunzi wanaoanza moja kwa moja na takwimu wameongezeka mno tangu hapo.

Jimbo limejaribu pia kuyaunganisha madaftari ya mabawabu. Sheria ya mwaka 2010 iliyoletwa na seneta wa jimbo Alex Padilla ilianzisha shahada ya miaka miwili ya kuhamia. Anayeimaliza akiwa na krediti 60 anahakikishiwa nafasi katika mfumo wa CSU akiwa mwaka wa tatu, na huko hawezi kudaiwa zaidi ya krediti 60 nyingine ili amalize. Sosholojia ilikuwa kati ya masomo ya mwanzo kutengenezewa mtaala wa pamoja. Muundo wake hauna fumbo: utangulizi wa sosholojia ni lazima, kisha mwanafunzi anachagua kutoka kundi lenye matatizo ya kijamii, takwimu na mbinu za utafiti, kisha kutoka kundi la pili lenye masomo kama rangi na ukabila, jinsia, familia, uhalifu na saikolojia ya jamii.

Mshauri makini humwambia mwanafunzi achukue takwimu na mbinu za utafiti hata pale ambapo mtaala unamruhusu kukwepa moja. Kukwepa kunampatia cheti, lakini kule mbele deni linamsubiri.

Juu ya masomo ya sosholojia kuna masomo ya jumla, yale ambayo Mmarekani wa mwaka wa kwanza husoma awe anaelekea udaktari wa meno au ushairi. Msomaji wa Dar es Salaam, ambako kijana hudahiliwa moja kwa moja kwenye sosholojia na kuisoma miaka mitatu, ataona hili ni zigo lisilo na maana. Huenda ana haki. Hata hivyo zigo hilo ndilo linalofanya uhamisho uwezekane, kwa kuwa sehemu kubwa ya shahada ya Kimarekani ni ya jumla na inaweza kusomwa popote. Tangu msimu wa vuli wa 2025 California ina orodha moja tu ya masomo hayo, Cal-GETC, yenye krediti 34, inayokubaliwa na UC na CSU. Kabla yake zilikuwepo orodha mbili zilizofanana kama mapacha na kutofautiana pale tu panapoumiza. Msimu huo huo somo la utangulizi wa takwimu lilipata namba moja katika vyuo vyote vya jamii, STAT C1000, badala ya kila chuo kuwa na namba yake.

Kupanga njia hii vizuri ni kuianza kutoka mwisho. Mwanafunzi hafungui kwanza kitabu cha kozi za chuo chake. Anachagua vyuo vikuu vitatu au vinne anakotaka kumalizia, anaingia ASSIST, hifadhi rasmi ya makubaliano kati ya vyuo vya umma vya California, na kwa kila kimoja anatafuta ukurasa wa idara ya sosholojia: somo gani la chuo chake linahesabika badala ya somo gani la kule. Kisha anazilaza kurasa hizo meza moja. Somo linalotajwa kwenye zote linaingia muhula wa kwanza au wa pili. Somo linalotajwa na chuo kimoja tu linasubiri. Somo lisilotajwa popote, hata likiwa tamu, ni la kiangazi au la kuachwa.

Katika zoezi hilo masomo machache hujitokeza yakifanya kazi mbili. Utangulizi wa sosholojia unahesabika kama somo la fani na tena kama somo la sayansi ya jamii kwenye orodha ya jumla. Takwimu inalipa deni la fani na deni la hesabu. Mwanafunzi anayeyatambua masomo haya mapema hujipatia nafasi ya kusoma lugha, au ya kufanya kazi saa chache zaidi, bila kuvuka krediti 60. Na kuvuka sana hakumsaidii: UC humhesabia mtu wa chuo cha jamii krediti 70 tu za ngazi ya chini kuelekea shahada. Tena masomo ya chuo kikuu yenye uzito wa sosholojia, kama nadharia ya Marx, Weber na Durkheim, hufundishwa mwaka wa tatu na wa nne, kwa hiyo hakuna namna ya kuyamaliza kabla ya kuhama.

CSU na UC zinataka mipango tofauti kidogo. Kwa CSU, shahada ya kuhamia ndiyo silaha. Inampa mwombaji uhakika wa kuingia mfumo, na hapo lazima isomwe kwa makini: uhakika ni wa mfumo, si wa kampasi. Anayetaka San Diego State pekee na hataki kusikia habari za kampasi nyingine anaweza kuwa na shahada hiyo mkononi na bado akakosa alichokitaka. CSU kwa kawaida haiombi insha.

UC inaomba. Mwombaji wa kuhamia hujibu maswali manne, kila jibu lisizidi maneno 350, na moja ni la lazima: amejiandaaje kwa fani yake? Kwa mtu wa sosholojia swali hilo ni zawadi. Aliyewahi kutafsiria mama yake hospitalini, aliyefanya kazi ghalani usiku na kuona nani anapandishwa cheo na nani habanduki kwenye makasha, ana data kuliko anavyodhani. Insha mbovu kuliko zote ni zile zinazosema mwandishi anapenda kuwasaidia watu. Kila mwombaji anapenda kuwasaidia watu.

Wastani wa chini wa UC kwa mkazi wa jimbo ni GPA 2.4, lakini hiyo ni ya kumruhusu mtu agonge tu. Kampasi zinazogombewa hutaka juu zaidi, tena sana. Kampasi sita, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zina mkataba wa uhakika wa udahili: anayetimiza masharti yaliyoandikwa anapewa nafasi. Anaruhusiwa kuomba mkataba huo kwa kampasi moja tu, na dirisha lake ni Septemba, mwezi mmoja kabla ya maombi ya kawaida kuanza kupokelewa Oktoba. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Wanafunzi wengi hukosa mkataba si kwa alama bali kwa kalenda. Wakati Septemba ya mwaka wa pili inapofika, mwombaji anatakiwa awe amekwisha kusanya kama krediti 30, na hiyo ina maana kuwa mwaka wa kwanza ndio uliokuwa ukiamua, wakati yeye alikuwa bado anatafuta darasa liko jengo gani.

Pesa ndiyo hoja inayowaleta wengi. Tangu 2012 mkazi wa California hulipa dola 46 kwa krediti moja. Krediti 60 ni dola 2,760, na wenye kipato cha chini husamehewa hata hizo. Mwaka mmoja tu wa UC unapita dola 14,000 kwa ada pekee, na wa CSU unapita 6,000. Wazee wa jimbo hilo hukumbusha kwamba hadi mwaka 1984 chuo cha jamii kilikuwa hakitozi ada ya masomo.

Kwa anayetoka nje hesabu ni nyingine. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo ya F-1 kutoka Nairobi au Mwanza hulipa kiwango cha asiye mkazi, ambacho ni mara kadhaa ya dola 46, hana msamaha wa ada ule, na lazima asome angalau krediti 12 kila muhula. Akiwa na haja ya kuacha somo linalomshinda, anamwona kwanza mshauri wa wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu kushuka chini ya 12 bila ruhusa ni kuvunja masharti ya viza. Tena uhamisho wake una karatasi mbili: udahili wa chuo kikuu, na kuhamishwa kwa kumbukumbu zake katika SEVIS, mfumo wa serikali unaofuatilia wanafunzi wa kigeni. Chuo kipya kinaweza kuwa kimemkubali kwa shangwe huku kumbukumbu zake zikiwa bado chuo cha zamani.

Wakenya wanaijua njia hii kwa miguu. Sally Kipyego alianzia South Plains College, chuo cha jamii katika mji mdogo wa Levelland, Texas, kilichozoea kuwapokea wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Akahamia Texas Tech, akashinda mataji tisa ya binafsi ya vyuo vikuu, akahitimu uuguzi, na London 2012 akachukua fedha ya mita 10,000. Kwa mwanariadha, chuo cha jamii humpa muda wa kuzoea Kiingereza cha darasani na baridi kabla ya kocha wa chuo kikuu kudai medali.

Kuna uzi mwingine wa Kiswahili ndani ya vyuo hivi, na ni wa zamani zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana aliyetoka mashambani Maryland alijiandikisha Los Angeles City College, akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa rais wa wanafunzi pale, kisha akahamia UCLA kusoma sayansi ya siasa. Alijifunza Kiswahili, akajiita Maulana Karenga, na mwaka 1966 akaanzisha sikukuu ya Kwanzaa. Maisha yake yana mabishano yasiyofaa kufichwa, lakini maneno ya Kiswahili aliyoyachagua kwa ajili ya sikukuu hiyo yalienea. Leo vyuo vingi vya jamii vya California vina programu iitwayo Umoja, inayowakusanya wanafunzi weusi darasa moja la Kiingereza au hesabu, na mshauri wao wa masomo, ili wahame pamoja badala ya kupotea mmoja mmoja. Ni jibu la moja kwa moja kwa Clark. Mshauri yule ambaye Clark alimwona San José akiwapunguza watu matumaini, hapa amepewa kazi ya kuhesabu nani bado hajachukua takwimu na kumfuata.

Barua za kukubaliwa UC huja majira ya kuchipua, zikiwa na masharti. Mwombaji aliyeahidi kumaliza mbinu za utafiti muhula wa mwisho akaiacha kwa kuchoka anaweza kunyang'anywa nafasi, na kila mwaka wapo wanaonyang'anywa. Transkripti ya mwisho inatakiwa iwe imetumwa ifikapo Julai 1.

Baadaye huja kile ambacho mtafiti John Hills mwaka 1965 alikiita mshtuko wa uhamisho: alama za waliohamia hushuka muhula wa kwanza, kisha wengi wao hupanda tena. Katika kampasi nyingi za UC muhula si wa miezi minne bali ni robo ya wiki kumi, na mtihani wa kwanza huja kabla mtu hajajua maktaba inafungwa saa ngapi. Wenzake wa mwaka wa tatu wamekaa pale tangu wakiwa na miaka 18 na wanawajua maprofesa kwa majina. Yeye ana miaka miwili tu ya kupata profesa atakayemwandikia barua ya shahada ya uzamili, na mwaka wa kwanza kati ya hiyo unaelekea kuisha wakati anaanza kuzoea. Ndiyo maana washauri wenye uzoefu huwaambia waende ofisini kwa profesa wiki ya pili, hata kama swali ni dogo, na waende na muhtasari wa kila somo la sosholojia walilosoma chuo cha jamii. Daftari la bawabu halijafungwa bado. Idara huweza kukubali somo ambalo ASSIST haikulitaja, endapo profesa ataona kwa macho yake vitabu gani vilisomwa na kurasa ngapi ziliandikwa.

Mihtasari hiyo ikitupwa, kuipata tena miaka miwili baadaye ni kazi. Mwalimu wa muda aliyefundisha somo huwa amekwisha hamia chuo kingine.